Mwaka Niliokuwa Mama wa Athman

Simu ililia dukani kwangu Malindi wakati nimepanda ngazi nateremsha makopo ya rangi, na aliyeipokea ni mwanangu Swaleh. Nikamwona anasikiliza, anakunja uso, kisha anaziba mdomo wa simu kwa kiganja. "Baba," akaniambia, "kuna mtu anapiga kutoka Amu. Anasema nikwambie mwanao amefariki." Wanangu wote walikuwa wazima asubuhi ile, mmoja amesimama mbele yangu na simu mkononi, wengine nimewaacha nyumbani wakigombania bafu. Karani wangu akaacha kuandika. Mteja aliyekuja kununua misumari akaanza kunipa pole. Mimi nikateremka ngazi polepole, nikaketi juu ya mfuko wa saruji, mimi ambaye humfukuza mtu yeyote akiikalia saruji yangu, nikasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie mama yake anakuja." Swaleh akanitazama kama mtu aliyeona baba yake amepigwa na jua, lakini akayasema maneno yale kama nilivyomwagiza, na aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuuliza kitu. Alikuwa anajua.

Watu wa Malindi wananijua kwa saruji, mabati na nondo. Hoteli unazoziona ufuoni, waulize wenyewe walinunua wapi chokaa na mbao. Sikurithi duka wala sikuoa duka. Hesabu nimejifunza kwa kudanganywa, na Kiingereza kwa kugombana na Wazungu wenye hoteli, na leo ninawashinda kwa yote mawili. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, na kweli ikinyamaza sana hufikiriwa imekufa. Ila kuna jambo moja ambalo katika barza zote ninazokaa sijapata kulitaja, si kwa aibu, ni kwamba halina mahali pa kuingilia kati ya habari za siasa na za bei. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu nilipokuwa mwanachuo. Na katika chuo hicho, somo nililolijua kuwapita wenzangu wote lilikuwa ni umama.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mngereza bado yupo. Serikali ilitaka walimu wasaidizi wa skuli za visiwani, ikapanga nyumba ya ghorofa mjini Amu, mnaouita Lamu, juu vyumba vya kusomea, chini ua na kisima, ikaita hilo ni darasa la majaribio. Sisi tukaliita Chuo. Jina hilo lilinitia taabu kwetu Chundwa, maana kwetu chuo ni cha Kurani. Nilipokwenda likizo, mzee mmoja jirani akaniuliza, "Lali, na urefu wako huo bado uko chuoni? Mefika juzuu ya ngapi?" Nikamweleza kwamba hiki ni chuo kingine, tunasoma ili tukasomeshe, na kwa wakati ule tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo. Akanitazama kwa huruma. "Mtezo? Mewata kulima, wenda kuteza?" Na wala hakuwa amekosea sana, kwa kuwa mimi kusoma kwenyewe nilikuwa sikuwezi. Kiswahili cha harufu za Kiarabu, herufi kama mnavyosema leo, nilikisoma mbio, lakini harufu za Kizungu zilinipita kama siafu, naziona nyingi siwezi kushika moja. Mwalimu Makame aliniingiza chuoni kwa ajili ya sauti yangu tu. Alinisikia naadhini msikitini, akauliza yule ni nani.

Mwalimu Makame alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, msafi, kofia yake haijapata kupinda hata siku ya upepo, na alikuwa na mchezo alioutunga mwenyewe. Habari yake ni kijana anayetaka kwenda bara kusomea udaktari. Mama yake hataki, wanagombana, mama anamwondolea radhi, kijana anakwenda. Miaka ikipita anarudi daktari, anamkuta mama mgonjwa kitandani, anamtibu, na mama anamrudishia radhi yake. Mafunzo yake ni kwamba wazee wapeleke watoto skuli. Wakati ule wazee wengi wa Amu walikuwa wakiiona skuli ya serikali kama mtego uliotiwa chambo, na Mwalimu aliamini kwamba akiwaliza kidogo watafungua milango. Wasichana chuoni hawakuwapo, hilo halikuwa na mjadala. Mwalimu akatupanga safu, akatusemesha kila mmoja mstari wa mama, na nilipomaliza wangu wenzangu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. "Huyu," akasema Mwalimu. Kisha akanivuta kando. "Lali, mkaguzi atakuja mwisho wa mwaka na atapunguza mtu, na wewe wajijua ulipo. Lakini mkaguzi huyo huyo atakaa kiti cha mbele atazame mchezo. Ukimliza, mimi nitakuwa na la kusema juu yako. Ukiharibu, sina." Basi nikajua kwamba ualimu wangu, na jina la kuwa mwalimu wa kwanza kutoka mtaani kwetu, vyote vimefungwa katika pindo la buibui.

Aliyeomba mwenyewe kuwa mwana ni Athman wa Siyu. Alinizidi umri, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kuteremsha mizigo bandarini Mvita, ana mabega kama mlango, na maneno yake kwa siku yangeenea kijikoni. Tulishangaa alipoinua mkono, maana alikuwa mtu wa kukaa nyuma. Siku ya kwanza ya mazoezi nilitakiwa kumwita, "Njoo, mwanangu, uketi." Kwetu njoo ni ndoo, na ulimi wangu haukuuliza mtu. Nikaita kwa sauti yangu yote ya kuadhini, "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Mwalimu, aliyekuwa amefumba macho kule nyuma asikilize, akayafumbua. "Ndoo? Ndoo ya nini? Nani kaandika ndoo humu?" Athman akainuka. Akashuka ngazi, akaenda kisimani, akapanda na ndoo imejaa maji, akaiweka taratibu miguuni pa Mwalimu. "Hii hapa, Mwalimu," akasema. "Mama yangu ameitaka." Tulicheka mpaka watu wa nyumba ya pili wakafungua dirisha, na Mwalimu mwenyewe akavua kofia ajipepee. Siku hiyo ndoo ilipigwa marufuku, na siku hiyo nikawa Mama. Hata muuza kahawa wa pale chini alikuwa akiniuliza, "Mama, nikumiminie?"

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Esha, mjane wa makamo, nyumba yake imeshikana ukuta na Chuo. Chumba changu kilikuwa chini, chembamba na kirefu, zidaka za ukutani zimejaa vikombe vyake ambavyo sikuruhusiwa kuvigusa, na dirisha moja dogo lililotazama jiko lake. Kwa dirisha hilo niliishi. Nilijua kabla ya mtu yeyote kama leo ni mkate wa mofa au ni bokoboko, na nilijua nani mtaani ameposwa na nani amekataliwa. Kila jioni baada ya magharibi Athman alikuja kunisomea maneno yangu, kwa kuwa yeye harufu za Kizungu alizijua, nami nikisomewa mara mbili hunikaa. Kichwa hiki, nashukuru Mungu, hakijapata kuvuja. Bi Esha alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni, na siku moja hakuweza kujizuia, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"We Lali, huyo mama au askari? Wamgombeza mwana hivyo kama wakamata mwizi!"

"Mwalimu amesema nikasirike, Bi."

"Kasirika! Nani mekukataza? Lakini mama akikasirika hamtizami mwana. Keti." Akaniletea ukili, ile mikanda ya mkindu inayosukwa ikashonwa mikeka, akanionyesha vidole. "Suka. Maneno yatoke, mato yawe kwenye ukili. Mwana ndiye atakaokutizama. Na akikutizama, wewe suka mbio zaidi."

Basi nikajifunza kusuka ukili. Nikajifunza kuketi na kuinuka bila kushika ardhi, kuvuta ukaya kichwani kwa kidole kimoja, kuguna guno lile la mwanamke aliyesikia jambo asilolipenda na hataki kulijibu bado. Bi Esha alikuwa akicheka hadi ajifute machozi, kisha anasema, "Rudia." Athman alikula pale pamoja nasi, au niseme aliketi pale pamoja nasi, kwa kuwa chakula alikigusa tu. Bi Esha alimsukumia minofu ya samaki upande wake wa sinia, naye akairudisha kwangu kidogo kidogo, akidhani hatumwoni. Mimi niliikula. Nilikuwa na ndaa ya kijana wa Chundwa, na sikuona bado kwamba mtu aweza kukosa hamu ya chakula akiwa hana homa.

Sababu yake niliipata kwa lile dirisha. Jirani mmoja, Mama Fatma, alikuja kuazima kinu, na wanawake wakianza na kinu huwa hawamalizi na kinu.

"Ule kijana wa mabega, siye mwana wa Bi Mwana wa Siyu?"

"Ndiye."

"Yule aliyekwenda Mvita mamake hataki?"

"Ndiye. Alimwambia, ukivuka mayi sina radhi nawe. Akavuka. Mamake akauguwa huku nyuma, akafa yuwamtaya jina."

"Alimuwia radhi au hakumuwia?"

"Nani ayuaye? Wengine wanena alimuwia. Wengine wanena alitaya jina tu, akafunga mdomo. Waliokuwapo ni wanawake wawili, na mmoja wao kiziwi."

"Maskini. Na yeye hayui?"

"Ataambiwa na nani?"

Nikakaa na ukili wangu magotini. Katika mchezo wetu kulikuwa na onyesho la pili, mama amemwekea mwana chakula, mwana anasema nakwenda, na mama anasema maneno yaliyoandikwa na Mwalimu Makame: "Ondoka mbele yangu. Sina radhi nawe, duniani wala akhera." Tulikuwa hatujalifikia. Na mwisho kabisa, mama akiwa kitandani, yako yale mengine: "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera." Hayo Mwalimu alituambia tusiyaguse katika mazoezi, tuyaweke mabichi hadi siku yenyewe, yasije yakachakaa mdomoni.

Tulipolifikia onyesho la pili nilisema, "Sina..." nikakohoa. Nikaanza upya, nikakohoa tena.

"Huna nini, Lali?" Mwalimu akauliza. "Huna kofia? Huna nauli? Maliza, baba."

"Mwalimu, radhi haitezewi."

Wenzangu wakanong'ona, na mnong'ono ulikuwa upande wangu. Mtoto yeyote wa visiwani analijua hilo kabla hajajua kufunga kikoi. Mzazi akikasirika atakutukana, atakupiga, atakufukuza, lakini lile neno atazunguka mbali asilikanyage, kwa kuwa likitoka limetoka. Mwalimu hakuwa mtu asiye na dini, tena alikuwa hafidhi. Akanijibu kwa upole. "Ni mchezo. Huyu si mwanao na wewe si mama yake. Mola anajua nia."

"Mola ajua, Mwalimu. Lakini ulimi hauna nia. Ulimi una maneno tu."

"Kwetu Unguja tunaigiza hata kufa, na aliyekufa anainuka anakwenda kunywa chai!" Darasa likacheka, naye akaona hapo ndipo pa kuniachia. Akakubali kwamba kwenye mazoezi niseme "sina kadha nawe." Siku ya wageni niseme kamili. Ikawa hivyo kwa wiki nyingi, mama anavimba kwa hasira, anasema "sina kadha nawe, duniani wala akhera," na watu wanaanguka kwa kicheko. Athman peke yake hakucheka. Jioni moja tulipokuwa tumekaa juu ya daka la Bi Esha, kile kibaraza cha mlangoni, aliniambia bila kunitazama, "Siku ile useme, Lali. Usile maneno."

"Kwa nini mimi niseme neno kama lile kwako?"

"Kwa sababu usiposema hilo, hatufiki kwa lile la mwisho."

Nilimwelewa. Nadhani sikumwelewa yote, nilikuwa kijana, lakini nilielewa kwamba mtu huyu hakuomba kuwa mwana katika mchezo kwa sababu ya kupenda michezo.

Mwezi huu nilipofika Siyu kwa mazishi ya Athman, nimechelewa kidogo, kaburi linafukiwa, vijana wake walinijia mmoja mmoja wakanibusu mkono. Mkubwa wao ana mabega yale yale. Akanambia, "Baba alitwambia tangu tukiwa wadogo, bibi yenu yuko Malindi, ana ndevu na anauza saruji." Akajaribu kucheka ikamshinda. Athman alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, nusu ya Pate imesoma kwake, na kila likizo akiteremka Malindi alisimama mlangoni mwa duka langu, limejaa makontrakta, akapaza sauti, "Mama yupo?" Nami nilijibu, kwa sauti ile ile niliyofunzwa na Bi Esha, "Yupo, mwanangu, ingia." Makontrakta walidhani ni mzaha wa wazee. Niliwaacha wadhani. Nimeketi na matajiri wengi na nimekula na mawaziri, lakini hakuna mtu mwingine ambaye nikimwona mlangoni mikono yangu hutafuta kitu cha kusuka.

Siku ya mchezo wageni walikuja baada ya sala ya alasiri. Ua wa Chuo ulijaa viti vya kuazima. Mbele alikaa Bwana Disii, yule Mngereza mkuu wa wilaya, na mkaguzi, pembeni yao mashekhe na wafanyabiashara wa mji, wengine wameleta watoto wa kiume ambao Mwalimu alikuwa akiwataka skuli mwaka ujao. Wanawake walijaa juu ya dari ya Bi Esha iliyouangalia ua wetu, na kutoka chini uliona weusi wa buibui tu, ukasikia bangili. Pazia letu lilikuwa mashuka mawili. Nilikuwa nimenyoa masharubu niliyojivunia, nimevaa ukaya wa Bi Esha unaonuka udi, na nilipotoka watu walinyoosha shingo. Nasema kweli tupu, mzee mmoja wa safu ya tatu alimuuliza mwenzake kwa sauti, "Huyu mwanamke wamemtoa wapi?" Onyesho la kwanza lilikwenda kama maji katika mfereji. Nilisema njoo, sikusema ndoo. Nilisuka, niliguna, juu darini waliguna pamoja nami. Mkaguzi alikuwa ameinama mbele, mkono kidevuni.

Kwa onyesho la pili Mwalimu alitaka chakula cha kweli, na Bi Esha alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, moshi bado unapanda. Athman akaingia, akasimama mbele yangu, akasema, "Mama, nakwenda. Ukitaka usitake, nakwenda." Macho yangu yalikuwa kwenye ukili. Nikasuka mbio zaidi. Nikasema, "Ondoka mbele yangu." Hilo lilitoka safi. Lililofuata nilikuwa nalo tayari mdomoni, naapa nilikuwa nimelitafuna siku nzima lilainike, na nilikuwa nauona ualimu wangu umekaa kiti cha mbele na mkono kidevuni. Kisha nikafanya alilonikataza Bi Esha, nikainua macho. Athman alikuwa amesimama kama anayengoja sindano, ameyafumba macho, lile jitu zima lililobeba magunia ya Mvita. Ukili ukanitoka mkononi.

"Ndoo," nikasema.

Nikaupigapiga mkeka kando yangu.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo ule kwanza. Wali wapoa."

Nyuma ya shuka Mwalimu Makame alikuwa ananong'ona kwa nguvu, "Siyo hapo! Sina radhi! Sina radhi!" na mzee wa safu ya mbele akageuka huku na huku, akauliza, "Kuna nani huko ndani, na hana radhi na nani?" Athman akafumbua macho. Alitakiwa kuondoka kwa hasira na sanduku lake. Badala yake aliliweka sanduku chini, akaketi kwenye mkeka, akanawa mkono, akaanza kula. Alikula kweli. Alikula kama mtu aliyefunga miaka, machozi yanaingia katika sinia, naye haachi, nami sikujua la kufanya ila kumchambulia samaki miiba na kumsogezea. Juu darini mwanamke mmoja akaangua kilio, mwingine akapiga kigelegele, kisha dari nzima ikawa kilio na kigelegele pamoja. Mwalimu hakuwa na njia, akavuta mashuka. Bwana Disii, aliyedhani ndio mwisho, akasimama akapiga makofi, na Disii akisimama nani atakaa?

Mchezo ukaishia pale. Hapakuwa na daktari, hapakuwa na ugonjwa, na lile neno la mwisho tuliloliweka bichi halikusemwa. Wazee walitoka wameridhika mno. "Mtezo una mafunzo," nilimsikia mmoja akisema akivaa viatu. "Mwana mesikia maneno ya mamake, mekaa kwao, mekula." Na mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kukubali kuleta wanawe wawili skuli alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumzindua. Wanawe watabaki nyumbani. Nilimwona Mwalimu Makame akijaribu kutabasamu. Kofia yake ilikuwa imepinda.

Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniketisha juu, darasani, na bado nimevaa ukaya. "Mkaguzi amelia," akasema. "Sina la kukataa, amelia. Kisha akaniuliza mchezo unawafunza nini watu, nikakosa jawabu. Lali, wewe ni mwigizaji kuliko mimi nilivyo mtunzi. Lakini nilimwahidi watoto wa skuli, na nimewapoteza, na mimi nimebaki bila la kusema juu yako." Nikamwambia, "Nimekufahamu, Mwalimu." Akanipa mkono. Watu hudhani nilikimbia masomo kwa kupenda fedha. Sikukimbia. Nilitolewa, na kama ningerudishwa katika ua ule leo, na duka langu lote likawekwa mbele yangu kama rehani, lile neno singelisema.

Asubuhi yake nilikuwa nafunga mkeka wangu. Bi Esha alikuwa jikoni, nasikia mofa zinabanduliwa, hataki kuja kuniaga mapema. Athman aliingia bila kubisha hodi, akasimama na mgongo ukutani, karibu na vile vikombe.

"Umeniibia," akasema.

"Nimekuibia nini?"

"La mwisho. Nimekaa mwaka mzima nangojea lile la mwisho. Nilijua ni la kuteza. Nilijua ni wewe, Lali wa Chundwa, umeazima ukaya. Nilisema basi, hata kwa kuteza, nisikie linavyosikika. Wewe ukanipa wali."

"Wali uliukataa?"

"Sikuukataa." Akajipangusa uso kwa kiwiko. "Ndio maana siwezi hata kukukasirikia vizuri."

Nikaketi kitandani. Nikamwambia, kwa jinsi nilivyoweza, kwamba ningesema lile la kwanza na hili la mwisho, yote mawili yangekuwa ya Mwalimu Makame, yeye ndiye aliyeyaandika, na yangebaki katika karatasi zake. Akasema, "Najua." Kisha jitu lile likapiga magoti kwenye sakafu ya chokaa, si kwa kuanguka, kwa mpango, kama mtu anayejua mahali anapokwenda. Hakuomba. Alishusha kichwa tu. Na mimi sikuwa na ukaya, sikuwa na ukili, masharubu yanaanza kuchoma mdomoni, niko na kikoi na fulana, na nilikuwa mdogo kwake. Nikamwekea mkono kichwani. Nywele zilikuwa bado na ubichi wa udhu.

"Nimekuwia radhi, mwanangu," nikasema. "Duniani na akhera."

Kisha akaushika mkono wangu, akaubusu, akaugeuza, akaubusu tena. Nilipoinua macho Bi Esha alikuwa amesimama mlangoni, birika la chai mkononi, sijui tangu lini.

"Lali," akaniuliza, "hayo ya mtezo?"

"La, Bi. Mtezo uliisha yana."

Akaliweka birika chini, akakunjua viganja. "Basi itikiani amin," akasema, na Athman ndiye aliyeitikia kwanza.